Ndege ya saa 16 na mashine ya CPAP: koo linaloziba ni jambo moja, hewa nyepesi ni jingine

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 59, naishi Dodoma. Mwaka jana nilipimwa usingizi nikaambiwa pumzi yangu hukatika mara 41 kwa saa, na tangu hapo nalala na mashine ya CPAP iliyowekwa presha 11. Nina shinikizo la damu ambalo limetulia kwa dawa. Binti yetu anayeishi Texas amejifungua na ametukatia tiketi mimi na mama yake, kutoka Dar es Salaam hadi Doha, kisha Doha hadi Dallas, na ndege hiyo ya pili peke yake ni saa zipatazo 16. Mtu mmoja kaniambia mashine yangu haitaruhusiwa ndani ya ndege kwa kuwa ni ya oksijeni. Mwingine kasema niifungie kwenye begi kubwa na nisilale njiani. Wa tatu kanishauri nimeze Piriton mbili nilale hadi tufike. Mke wangu anaogopa kwamba nikilala bila mashine kule juu nitakata roho. Kwenye adapta ya mashine pameandikwa 24 V na 3.75 A, nami sijui ninunue betri gani. Na nikiri kwamba naona haya kuvaa barakoa ile mbele ya abiria. Nifanye nini?"

Ndugu msomaji, hongera sana kwa kupata mjukuu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna hofu mbili zilizochanganywa kana kwamba ni moja, na karibu ushauri wote uliopewa unatokana na mchanganyiko huo. Hofu ya kwanza ni ya koo kuziba ukiwa usingizini. Ya pili ni ya hewa ya ndani ya ndege kuwa na oksijeni pungufu. Mashine yako inatibu hilo la kwanza, na kwa hilo la pili haina msaada wa moja kwa moja. Kwa hiyo jibu langu la haraka ni kwamba safiri na mashine, iwe mkononi mwako, uitumie kila unapolala, na Piriton uiache nyumbani. Ila kabla ya kupanga lolote kuhusu betri, nenda ukapimwe kama mapafu na moyo wako vinaimudu hewa ya ndani ya ndege.

Nianze na koo. Sehemu ya njia ya hewa iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wa kuishikilia. Inabaki wazi kwa kazi ya misuli tu, na misuli hiyo hulegea mtu anapolala. Kwa wengi wetu ulegevu huo hauleti madhara, lakini kwa mtu mwenye apnia ya usingizi, iwe ni kwa sababu ya mafuta ya shingoni, umbile la taya, ukubwa wa ulimi au vyote kwa pamoja, kuta za koo hugusana na hewa ikakosa pa kupita. Kifua kinaendelea kuvuta, oksijeni ya damu inashuka, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu kwa sekunde chache asizozikumbuka asubuhi, koo linafunguka, kisha mambo yanaanza upya. Kwako hilo lilitokea mara 41 kwa saa, na sisi huanza kuliita tatizo kubwa linapofika mara 30. Umewahi kuona ule mpira bapa wa kumwagilia mashamba ya zabibu, unaolala chini ukiwa mkavu na kujaa ukawa duara pampu inapowashwa? CPAP hufanya hivyo hivyo kwenye koo: inasukuma hewa kwa presha ya kutosha kuzuia kuta zisikutane. Hiyo 11 uliyoandikiwa ni sentimita 11 za maji, kipimo cha msukumo.

Angalia kwamba sijataja oksijeni popote katika kazi ya mashine. Tangu Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walipoeleza tiba hii mwaka 1981, kanuni yake haijabadilika: mashine huvuta hewa ile ile ya chumbani, huichuja na kuisukuma. Ukiwa Dodoma inakupa hewa ya Dodoma, na ukiwa ndani ya ndege inakupa hewa ya ndani ya ndege. Aliyekwambia itazuiwa kwa kuwa ni ya oksijeni ameifananisha na mtungi. Mitungi ya oksijeni ya abiria binafsi kweli ina masharti makali na mara nyingi hairuhusiwi kabisa, lakini CPAP haina mtungi, haina gesi iliyofungiwa, na wakaguzi wa viwanja vikubwa huiona kila siku.

Sasa tuje kwenye hewa nyepesi, maana hapa mkeo ana hoja, ingawa hitimisho lake limepita kiasi. Ndege ya masafa marefu hupaa mita 10,000 au zaidi, lakini hewa ya ndani hushindiliwa ili abiria wasihisi urefu huo. Haishindiliwi hadi kufikia hali ya ufukweni. Kanuni zinaruhusu hali ya ndani ifanane na kuwa kwenye mwinuko wa hadi mita 2,400 hivi, na ndege mpya kama Boeing 787 na Airbus A350 hukaa karibu na mita 1,800. Dodoma ipo mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwili wako umekwisha kuzoea karibu nusu ya mwinuko huo bila wewe kujua. Kinachobaki ni kama kutoka Dodoma ukalale Njombe mjini, au mahali palipo juu zaidi ya Njombe kidogo. Katika hali hiyo kiwango cha oksijeni katika damu ya mtu mwenye afya, ambacho kingekuwa 96 au 97 kwa mia, mara nyingi hushuka hadi kati ya 90 na 94 akiwa ametulia, naye hasikii chochote.

Tatizo linakuja mambo mawili yanapokutana. Damu huishikilia oksijeni vizuri kiwango kinapokuwa juu ya 90, lakini kikishuka chini ya hapo, upungufu mdogo tu wa hewa huleta anguko kubwa. Mtu ambaye pumzi inamkatika akiwa ameanzia 96 anaweza kushuka hadi 88 kisha akarudi. Huyo huyo akianzia 92, pumzi ikikatika kwa muda ule ule, atashuka chini zaidi na kwa haraka zaidi. Ndiyo maana nasema kwamba kulala bila mashine ndani ya ndege si sawa na kulala bila mashine usiku umeme ulipokatika nyumbani, ingawa koo ni lile lile.

Je, utakata roho? Mwili una kinga yake, nayo ni ule mshtuko wa ubongo unaokuamsha. Kabla hujapimwa mwaka jana ulilala miaka mingi bila mashine, na kinga hiyo ilikuwa ikifanya kazi kila usiku kwa gharama ya usingizi wako na shinikizo lako la damu. Kusinzia mara moja bila mashine, kwa mtu ambaye moyo na mapafu yake ni mazima, si tukio la kumuua kwa kawaida. Lakini apnia hurudi usiku ule ule wa kwanza unapoiacha mashine, haingoji wiki ipite, na mtu mwenye shinikizo la damu hana sababu ya kuubebesha moyo mzigo huo wakati mashine ipo. Mwenye moyo uliodhoofika au mapafu yenye makovu, yeye jibu lake ni jingine kabisa, na nitalirudia hapo chini.

Ushauri wa kutolala njiani unasikika kuwa wa busara hadi uhesabu saa. Utatoka Dodoma, tuseme kwa treni ya SGR, utasubiri uwanjani Dar es Salaam, utaruka saa zinazokaribia sita hadi Doha, utasubiri tena, kisha hizo saa 16. Hakuna mtu wa miaka 59 atakayekaa macho muda wote huo. Utasinzia tu bila kupanga, kichwa kikiwa kimeanguka mbele na kidevu kikigusa kifua, na huo ndio mkao unaoziba koo kwa urahisi zaidi. Ni afadhali usingizi uliopangwa, mashine ikiwa usoni.

Kuhusu Piriton, dawa hiyo ni ya mzio na kusinzia ni athari yake ya pembeni. Shida si kwamba utalala. Shida ni kwamba kazi yote ya kukuokoa pumzi inapokatika hufanywa na ule wepesi wa ubongo kushtuka, na chochote kinachoupumbaza ubongo hurefusha muda wa koo kukaa limeziba. Pombe ni mbaya zaidi kwa sababu inalegeza pia misuli ya koo yenyewe, na hapo siutengi mvinyo wa zabibu zetu za Dodoma wala ule wa bure wanaopitisha wahudumu wa ndege. Diazepamu, tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodeini zimo katika kundi hilo la kuepukwa. Piriton ina ziada nyingine kwa mwanaume wa umri wako: inakausha kinywa, ambacho hewa ya ndege itakikausha vya kutosha, na kama tezi dume imeanza kuvimba inaweza kukuzuia kukojoa. Sijui ni nani aliyeanzisha desturi hii ya kuwalaza wasafiri kwa Piriton, kuanzia watoto ndani ya basi hadi wazee ndani ya ndege, lakini ningependa ikome.

Sasa upimaji. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa kifua wiki nne hivi kabla ya safari, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au kwa daktari anayekufuatilia siku zote, na uende na mashine yenyewe. Mashine nyingi za kisasa huhifadhi kumbukumbu: umelala nayo saa ngapi kila usiku, barakoa imevuja kiasi gani, na pumzi bado inakatika mara ngapi kwa saa. Kama idadi hiyo iko chini ya 5 na unalala nayo usiku mzima, tiba yako inafanya kazi na tuna msingi mzuri. Kama bado ni 15, tatizo lirekebishwe hapa ardhini kwanza.

Daktari atakupima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni ukiwa macho na umetulia. Ikiwa hapa Dodoma inasoma 95 au zaidi na unatembea kwa mwendo wa kawaida bila kuhema, sina wasiwasi mkubwa. Ikiwa ni chini ya 92, usisafiri kabla ya uchunguzi zaidi, kwa kuwa huenda ukahitaji oksijeni ndani ya ndege pamoja na mashine, na hiyo hupangwa na shirika la ndege mapema kwa fomu ya kitabibu inayojulikana kama MEDIF. Kati ya hapo ni suala la daktari kupima na kuamua. Nakuomba pia ukumbuke jambo ambalo halisemwi vya kutosha: vifaa hivi vya kidoleni vina tabia ya kusoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi, yaani sisi, kwa hiyo 92 inayoonekana inaweza kuwa pungufu ya hapo. Mimi nisingeing'ang'ania namba moja iliyosomwa dukani kwa mfamasia. Pima mara kadhaa, kidole kikiwa na joto, na umpe daktari namba zote.

Kuna watu ambao kwao sitoi ushauri wowote kwa maandishi, isipokuwa waende hospitali kabla ya kukata tiketi: mwenye kuvimba miguu, mwenye kuamka na kichwa kinachouma kila siku licha ya kutumia mashine, aliyewahi kuugua kifua kikuu kikamwachia makovu makubwa, mwenye ugonjwa wa moyo au pumu isiyotulia, aliyelazwa hivi karibuni, na mwenye unene mkubwa anayesinzia mchana. Kwa huyo wa mwisho tunahofia kwamba hewa chafu, yaani kaboni dayoksaidi, inajikusanya katika damu hata akiwa macho, na kipimo cha damu cha baikaboneti hutupa fununu ya mapema. Ikiwa wewe ni mmojawapo wa hao na hukulitaja, basi anzia hapo na mengine yasubiri.

Tukishavuka hapo, tuje kwenye shirika la ndege. Mwambie binti yako au wakala wa tiketi awaandikie kwamba abiria atasafiri na CPAP na anakusudia kuitumia angani, ataje kampuni iliyoitengeneza na modeli, na jibu lao mlipate kwa maandishi. Kwa kuwa ndege yenu inatua Marekani, kanuni za Wizara ya Usafirishaji ya nchi hiyo zinalihusu hata shirika la kigeni: vifaa vya tiba vya namna hii havihesabiwi katika idadi ya mizigo ya mkononi, na shirika linaweza kutaka taarifa saa 48 kabla. Linaweza pia kutaka mashine iwe na lebo au maelezo ya mtengenezaji yanayothibitisha kwamba ni salama kutumiwa ndani ya ndege, na hata kutaka uwe na betri za kutosha asilimia 150 ya muda wa safari. Sharti hilo la mwisho halidaiwi na kila shirika, na ndiyo sababu uulize mapema ueleze kwamba unaitumia unapolala tu. Beba barua ya daktari ya Kiingereza, yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, ugonjwa, mashine na presha yake, na maneno kwamba ni lazima iwe nawe ndani ya ndege. Kamwe usiiweke kwenye begi la kupakiwa chini. Begi likipotea Doha, utakaa Dallas siku kadhaa bila tiba, mbali na kwamba mashine hizi hazipendi kurushwarushwa.

Umeniandikia namba za adapta, na hapo nitakawia kidogo, kwa sababu wengi hununua betri isiyofaa kwa kuzisoma vibaya. Volti 24 mara ampea 3.75 ni wati 90. Hicho ni kiwango cha juu ambacho adapta inaweza kutoa, mashine ikiwa imewashwa pamoja na kipasha maji kinachotia hewa unyevu, na mpira wa kupitisha hewa unaopashwa moto. Si kiasi inachokula usiku kucha. Ukizima joto lote, mashine nyingi katika presha kama yako hushuka hadi chini ya wati 20. Tuseme yako inakula wati 12. Kwa saa 7 za usingizi utahitaji wati-saa 84. Hivyo betri ya lithiamu iliyotengenezwa mahususi kwa CPAP, yenye wati-saa kati ya 90 na 100, inaweza kukutosha kulala mara moja, joto likiwa limezimwa.

Namba 100 ina umuhimu wake pia kwa sheria. Betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 hupanda ndege bila kibali maalumu. Kuanzia 100 hadi 160 inahitaji idhini ya shirika na hazizidi mbili za akiba. Zaidi ya 160 abiria haruhusiwi. Zote za akiba huwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kamwe si kwenye begi la chini. Kama betri haikuandikwa wati-saa, zidisha volti kwa ampea-saa. Pawabenki ya simu iliyoandikwa mAh 30,000, kwa volti 3.7, ni wati-saa 111, yaani imeshavuka mpaka, na juu ya hayo nyingi hutoa volti 5 wakati mashine yako inataka 24. Tena mwaka 2025 mashirika kadhaa yalianza kuzuia matumizi ya pawabenki ndani ya ndege, kwa hiyo betri yako ya CPAP iwe na maandishi yanayoonyesha ni kifaa cha tiba. Na ile betri ya sola ambayo labda unaitumia umeme unapokatika nyumbani, hiyo isifike hata mlangoni pa uwanja wa ndege.

Kuna soketi kwenye viti vya ndege nyingi kubwa, nawe ungeweza kuniuliza kwa nini kununua betri. Soketi hizo hutoa umeme kidogo, mara nyingi kama wati 75, na zikizidiwa hujizima zenyewe. Mashine yenye joto lililozimwa kwa kawaida hufanya kazi humo bila shida. Ikiwa na kipasha maji, pengine saa moja baadaye utaamka umebanwa na barakoa isiyotoa hewa. Wakati mwingine soketi ya kiti chako ni mbovu tu, na wahudumu hawana la kufanya. Kwa maoni yangu, kwa safari ya saa 16 na ugonjwa wa kiwango chako, tegemea betri na uichukulie soketi kama bahati. Betri hizi ni ghali na hapa nchini hazipatikani kirahisi. Binti yako anaweza kuitafuta huko na kuituma kwa mtu anayekuja. Ikishindikana kabisa, si sababu ya kuahirisha safari: omba shirika lithibitishe kiti chenye soketi, tumia mashine humo, na soketi ikikataa, lala vipande vifupi ukiwa umeketi, mgongo umeegemea na ule mto wa shingoni ukiwa umegeuzwa mbele ili ushike kidevu kisianguke. Mkao wa kuketi hupunguza kuziba kwa koo kwa watu wengi, ingawa si wote. Chaguo jingine ni kubadilisha tiketi ili mlale hotelini Doha usiku mmoja. Hilo linagharimu, lakini kwa mwenye hofu kubwa ni fedha iliyotumika vizuri. Kinachowekwa mdomoni kusogeza taya mbele usikijaribu sasa. Hupimwa na daktari wa meno na huchukua wiki nyingi kuzoeleka.

Fanya jaribio nyumbani. Wiki mbili kabla ya safari, lala usiku mmoja mashine ikiwa kwenye betri tu, chombo cha maji kikiwa kitupu na joto limezimwa. Utajua betri inadumu hadi saa ngapi, na utajua kama pua yako inavumilia hewa kavu. Unyevu wa ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo beba dawa ya pua ya maji ya chumvi na uitumie kabla ya kuvaa barakoa, na unywe maji mara kwa mara. Chombo cha maji kimwagwe na kukaushwa kabla ya kwenda uwanjani. Ndege ikitikisika, maji yanaweza kumwagikia mota na kuiua mashine. Ukifika, tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ambayo Marekani huuzwa madukani. Hapa kwetu najua wengi hutumia maji ya bomba, nayo ya Dodoma yana chumvi na huacha ukoko mweupe chini ya chombo. Ni afadhali maji ya chupa yaliyochemshwa. Yale yanayouzwa gereji kwa jina la maji ya betri usiyaguse, kwani kwenye rafu ile ile hukaa asidi.

Ndani ya ndege, kaa kiti cha kawaida chenye kiti kingine mbele yake. Safu ya mbele kabisa na ile ya mlango wa dharura hazina mahali pa kuweka mashine chini, na mpira hauruhusiwi kukatiza njia ya watu. Wakati wa kuruka na kutua mashine huwa imezimwa na kufungwa. Ukishapewa ruhusa, iweke sakafuni chini ya kiti cha mbele, tundu la kuvutia hewa likiwa halijazibwa na blanketi, washa hali ya ndege kwenye mipangilio kama mashine yako ina mtandao wa simu ndani yake, pitisha mpira chini ya blanketi hadi kifuani, kisha vaa barakoa. Mashine za kisasa nyingi hujirekebisha zenyewe kwa mwinuko hadi kama futi 8,000. Za zamani zinahitaji kuwekwa kwa mkono, na kitabu chake kitakwambia. Mwombe mkeo akuamshe kabla ya kuanza kushuka. Kila ukiwa macho, inuka utembee, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kusogeza miguu huleta damu kuganda. Ukihisi maumivu ya kifua, au mkeo akaona midomo imebadilika rangi au unaongea yasiyoeleweka, wahudumu waitwe mara moja. Oksijeni ya dharura wanayo.

Na haya unayoiona, naielewa, lakini pima mambo yalivyo. Mashine yako ina sauti ndogo kuliko minong'ono, ilhali ngurumo ya injini humeza hata mazungumzo ya watu waliokaa pamoja. Abiria wa jirani hataisikia. Atakachokisikia ni mkoromo wako ukilala bila mashine, na tangu miaka ya korona watu wamezoea kuona barakoa usoni mwa mtu. Mwambie tu mapema, "Hii ni mashine ya usingizi," naye atarudi kwenye filamu yake.

Dawa za presha ziwe kwenye mfuko wa mkononi pamoja na mashine, na umuulize daktari namna ya kusogeza saa za kuzimeza, kwa kuwa Dallas iko nyuma yetu kwa saa 8 au 9 kutegemea majira. Huko umeme ni volti 120. Adapta nyingi za CPAP hukubali kuanzia 100 hadi 240, angalia lebo, na ikiwa ndivyo unahitaji kigeuzi cha umbo la plagi tu, hakuna haja ya transfoma. Usiku wa kwanza lala na mashine hata kama ni mchana kwa saa za mwili wako, na usiendeshe gari siku ile ya kufika wala ya pili yake, hata kama binti yako atakukabidhi funguo. Wakati wa kurudi fuateni utaratibu ule ule: betri ijazwe usiku wa kuamkia safari, chombo kikaushwe, barua ya daktari isiachwe Dallas kwenye droo.